Kufunga hedasi mwenyewe nyumbani kwenye Carina Ti: jibu kwa mdogo wangu wa Ngamiani

Mdogo wangu mmoja wa Ngamiani hapa Tanga kaniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina Carina Ti injini 5A, nimeletewa hedasi za stenlesi za 4-2-1 kutoka Kariakoo, zimeandikwa za 4A. Nataka nizifunge mwenyewe nyumbani na binamu yangu. Fundi wa mtaani kaniambia nipake silikoni kwenye gasketi ndo haitavuja, na masega niyatoe kabisa gari ipumue. Je naweza kufunga mwenyewe, na gari itaongezeka nguvu kiasi gani?"

Marahaba mdogo wangu. Hedasi, yani yale mabomba ya moshi yanayofungwa kwenye injini badala ya manifoldi ya kiwandani, kufunga unaweza, kama una spana za maana, jeki na stendi zake, na kama huna haraka. Silikoni usipake. Masega, lile kopo la kusafisha moshi kwenye eksozi, yaache yalipo. Nguvu itaongezeka kidogo, tena kidogo kweli. Hayo ndo majibu ya mkato, sasa kaa tuongee vizuri maana kuna mambo hapo mtu asipokwambia utayajulia barabarani.

Kwanza nikuweke sawa kwenye hili la nguvu kwasababu wengi wanapotea hapo. Injini yako ya 5A ni cc 1498, ina nguvu ya farasi kama mia hivi ikiwa nzima. Inachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kila silinda ikifungua valvu ya eksozi inatoa mshindo wa moshi, na nyuma ya ule mshindo presha inashuka kidogo, kama inavuta. Hedasi zinachofanya ni kuipa kila silinda bomba lake refu kiasi, ili mshindo wa silinda moja usiende kumzuia mwenzie, na ule mvuto wa huyu umsaidie yule kutoa moshi. Kwenye 4-2-1 silinda ya 1 inakutanishwa na ya 4, na ya 2 na ya 3, kwasababu hizo zinapishana mzunguko mzima wa kranki kwahiyo hazigombani, afu mabomba mawili yanakuja kuwa moja. Manifoldi ya chuma ya kiwandani inawakutanisha wote karibu karibu, ndo tofauti yenyewe.

Sasa faida ya hiyo kitu inakuja sana sana mizunguko ikiwa juu, na we kwenye mizunguko ya juu unakaa dakika ngapi kwa siku? Ngamiani mpaka Chumbageni hutoki gia ya tatu. Faida utaiona kidogo ukiwa unapanda Mombo kwenda Lushoto na abiria wanne, gia ya pili, injini inalia, hapo 4-2-1 inasaidia kwenye mizunguko ya kati, ndo maana nakwambia umechagua vizuri kuliko ungeletewa zile za 4-1 ambazo zinafaa zaidi kwa anayeishi kwenye mizunguko mikubwa. Ila farasi 20 wanaoandikwa kwenye boksi hawapo kwenye injini hii, hesabu farasi wachache na mwitikio wa mguu kuwa mwepesi kidogo. Na usidanganyike ukaweka bomba kubwa la inchi mbili na nusu mpaka nyuma ukidhani ndo itapumua zaidi. Injini ndogo ikipewa bomba kubwa sana moshi unapoa na unapunguza mwendo, na ile nguvu ya chini ndo inakufa. Mabomba ya mwanzo ya inchi moja na nusu, yani kama milimita 38, yanatosha sana, na huko nyuma inchi mbili haitakunyima kitu.

Kwahiyo kama ulichotaka ni gari tofauti kabisa, zirudishe hizo hedasi hela yako ifanye plagi, chujio la hewa, kusafisha injekta na matairi mazuri. Kama manifoldi yako imepasuka (za chuma hizi hupasuka zikizeeka, hasa pale mabomba yanapokutana), au unapenda tu kazi ya mikono na gari yako unaijali, basi endelea, na mimi niko na wewe.

Kabla hujagusa spana yoyote weka hedasi mezani uzikague. Umesema zimeandikwa 4A, sasa 4A ipi? Hapa ndo watu wanapigwa. 4A-FE na 5A-FE yako ni ndugu, hedi zao (kile kichwa cha injini) zinafanana. Lakini kuna 4A-GE, ile ya Toyota za michezo, hedi yake ni nyingine kabisa na matundu ya boliti hayakai hata kwa kulazimisha. Muuzaji anasema "4A hiyo, inaingia", afu gari ishafunguliwa iko juu ya stendi ndo mnagundua. Dawa yake rahisi: nunua gasketi mpya ya manifoldi ya 5A-FE, ilaze juu ya flenji za hedasi (yale mabati mazito yenye matundu ya boliti). Matundu ya boliti yote yakae sawa, na mdomo wa bomba usiwe mdogo kuliko tundu la gasketi. Chungulia na ndani, kama kuna uvimbe wa kuchomelea umeingia kwenye njia ya moshi ule unasagwa taratibu, la sivyo umenunua kizuizi badala ya hedasi.

Afu pima unyoofu. Chukua rula ya chuma au kipande cha kioo nene kilichonyooka, weka juu ya flenji zote nne kwa pamoja, shika taa upande wa pili. Mwanga ukipita sehemu moja kama uzi sio tatizo, gasketi itakula hiyo. Ukiona flenji moja imezama kama unene wa kadi ya simu, hizo zirudishe au zipeleke kwa wenye mashine wazisawazishe. Flenji zilizopinda hazinyooki kwa kukaza sana, zinakung'oa stadi tu (zile boliti zilizosimama kwenye hedi).

Kingine ni sensa ya oksijeni. Sensa za Toyota za miaka hiyo zipo za aina mbili, kuna inayosokotwa kwa uzi wa milimita 18 na kuna inayokaa kwenye kiflenji ikashikwa na nati mbili. Hedasi nyingi za dukani zina tundu la uzi. Toka nje sasa hivi fungua boneti uangalie yako ni ipi, kama ni ya nati mbili utahitaji kiflenji kichomelewe kwenye hedasi KABLA hujafunga. Na angalia hilo tundu liko wapi. Sensa inafanya kazi ikishapata joto kama nyuzi 300 kwenda juu, sasa kama yako ni ya waya mmoja haina hita ndani yake, ukiisogeza mbali chini huko itakuwa inapoa gari ikisimama na kontrol boksi (kompyuta ya injini) itakuwa inafanya kazi kwa kubahatisha. Sensa ikae karibu na mabomba yanapokutana, na isimame wima au imelala kidogo, isiangalie juu kichwa chini maana maji ya mvuke yatakuwa yanaingia na kuipasua.

Haya, kutu. Sisi wa Tanga tunakaa na bahari, na gari inayolala Raskazone au Chumbageni karibu na maji ile chumvi ya hewani inakula nati kimya kimya. Unakuta juu gari inang'aa, chini nati za eksozi zimegeuka donge la kahawia hata pembe sita huzioni. Kwenye kazi hii stadi iliyokatika ndani ya hedi ndo hasara kubwa kuliko zote, kubwa kuliko bei ya hedasi zenyewe. Kwahiyo anza mapema. Jioni tatu mfululizo kabla ya siku ya kazi, injini ikiwa imepoa, sugua kila nati na brashi ya waya mpaka uone chuma, afu pulizia dawa ya kulegeza kutu, gonga kichwa cha nati na nyundo ndogo mara kadhaa (gonga, usipige) ili dawa izame kwenye uzi. Jioni tatu sio moja, tafadhali. Na nati zote, mpaka za lile bati la kuzuia joto na zile mbili au tatu za chini kwenye bomba la kwanza, lile linalopokea moshi kutoka kwenye manifoldi.

Siku yenyewe washa gari kidogo tu mpaka ipate uvuguvugu, zima, subiri mpaka mkono unaweza kugusa manifoldi bila kuungua. Sababu ni hii: hedi yako ni aluminiamu na stadi ni chuma, aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwahiyo ule mshiko unalegea. Na washa nje uani. Kibanda kilichofungwa usiwashie gari hata dakika moja, hili nalirudia chini.

Toa taminali ya negativu ya betri. Piga jeki, weka stendi mbili za ukweli, tikisa gari kwa nguvu kabla hujaingia chini. Matofali hapana, ringi hapana, jeki peke yake hapana. Binamu yako kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha hakuna mtoto anayekuja kucheza karibu na hiyo gari.

Bahati yako injini hizi za A Toyota aliweka eksozi mbele, inaangalia rejeta, unafanya kazi umesimama umeinama kidogo. Mwenye injini ya 1NZ eksozi yake iko nyuma, imebanana na ukuta wa gari, huyo angeteseka. Wewe fungua feni ya rejeta na fremu yake uitoe, ni boliti chache na soketi ya waya, inakupa nafasi ya mkono mzima na inaokoa rejeta isitobolewe na spana ikiteleza. Hata hivyo weka kipande cha boksi gumu mbele ya rejeta. Mapezi yake ni laini sana, kugusa tu na racheti yamelala.

Anza na sensa. Chomoa soketi ya waya kwanza, usije ukasokota waya mpaka ukakatika. Kama ni ya uzi tumia spana ya 22, ringi yenye mpasuo wa kupitishia waya ndo bora. Usiipulizie dawa ya kutu kwenye ncha, usiidondoshe, ndani mna kauri. Iweke pembeni kwenye kitambaa kisafi. Afu shuka chini ufungue bomba la kwanza, na ukishalifungua lifunge na waya juu kwenye bodi lisining'inie, uzito wake ukibaki kwenye fleksibo (kile kipande cha bomba kinachopinda) unaichana.

Ndo uje kwenye nati za manifoldi. Tumia soketi yenye pembe sita, zile za pembe kumi na mbili zinakula vichwa vya nati vilivyochoka. Anza za pembeni uende katikati, kila moja robo mzunguko kwanza, usimalize moja yote. Ukihisi nati imelegea afu ikakaza tena, simama. Rudisha kama unafunga, pulizia dawa, legeza tena, nenda rudi nenda rudi, unasikia kabisa ule mlio wa kutu unaosaga. Hapo ndo mahali pa kuwa na subira, hata ikikuchukua nusu saa nati moja. Nati ikitoka na stadi yake nzima furahi, hiyo unaweka stadi mpya na mambo yamekwisha.

Ikikatika? Kama kipande kimebaki nje hata kidogo, usikishike na praya ukakimaliza. Anaitwa mtu wa kuchomelea, anaweka nati juu ya kile kipande, anaijaza moto ndani, lile joto lenyewe linailegeza kutu na nati inakuwa mpini. Mara nyingi inatoka. Kama imekatika usawa wa hedi, hapo mdogo wangu weka spana chini. Kutoboa stadi ya chuma kwenye hedi ya aluminiamu kwa drili ya mkononi ukiwa umeinama uani, drili itakimbilia upande laini ambao ni hedi. Itafutiwe fundi wa mashine mwenye uzoefu, atatoboa katikati, na kama uzi wa hedi umeliwa ataweka uzi wa koili mpya. Ni gharama ila ni kitu kinachotengenezeka. Hedi iliyotobolewa ovyo ni kesi nyingine.

Manifoldi ikishatoka, ziba matundu manne ya hedi na vitambaa vikubwa vinavyoonekana, hesabu vinne uviandike, kwasababu kabla ya kufunga unavitoa vinne. Kwangua mabaki ya gasketi na kikwangulio cha plastiki au wembe uliolazwa, kwa mkono. Grinda weka mbali. Hilo diski linakula aluminiamu usawa unaharibika kwa sekunde, na vumbi lake likiingia kwenye silinda umeua ringi za pistoni. Pitisha kidole, uso wa hedi uwe laini kama sahani. Safisha uzi wa kila stadi na brashi, jaribu nati mpya kwa vidole, nati itembee yenyewe mpaka chini. Paka grisi ya kopa kidogo kwenye uzi, kidogo, ili siku nyingine mwenzako asiteseke.

Sasa silikoni. Huyo fundi hana nia mbaya, wengi wamezoea hivyo, ila fikiria. Silikoni hata ile nyekundu iliyoandikwa ya joto kali inaishia kwenye nyuzi 300 na kitu. Moshi ukitoka kwenye hedi unapopanda mlima na mzigo unapita nyuzi 600. Itaungua siku ya kwanza, itakuwa unga, na pale ilipokuwa patakuwa pengo. Afu mvuke wake unakwenda kukaa kwenye ncha ya sensa na kwenye masega na kuvifunika, sensa inakufa taratibu na wewe unashangaa gari imeanza kula mafuta. Gasketi ya manifoldi inafungwa kavu. Nunua ile ya bati yenye matabaka, sio ya karatasi, na ile ya zamani usirudishe hata kama inaonekana nzima. Na bomba la kwanza lina gasketi yake, ile ya duara au ya bati, nayo mpya.

Kufunga kwenyewe ingiza hedasi taratibu, jaribu kutoka juu, ikikataa jaribu kutoka chini, hazina haja ya kulazimishwa. Vitambaa vinne vimetoka? Gasketi imekaa kwenye stadi? Weka nati zote kwa vidole kwanza, zote, kabla hujakaza hata moja. Afu anza katikati uende nje, raundi ya kwanza kugusa tu, ya pili nusu, ya tatu mwisho. Kiasi cha kukaza fuata kitabu cha gari yako. Kwa kawaida stadi ya milimita 8 inataka kama Nm 20 mpaka 25, ya milimita 10 inafika 30 mpaka 40. Kama huna toki renchi, ile spana inayopima unakaza kiasi gani, azima, watu wanazo. Ukikosa kabisa tumia racheti fupi na nguvu ya kiwiko, usiongeze bomba kwenye mpini, kwasababu ukishaongeza bomba hujui tena unakaza au unavuta uzi utoke kwenye aluminiamu.

Hapa sasa pa kuangalia kwa makini: mwisho wa hedasi na bomba la kwanza vinakutana vipi? Hedasi za dukani ni nadra mdomo wake uangukie palepale pa manifoldi ya kiwandani. Mara ni fupi sentimita tano, mara imegeukia pembeni. Watu wanavuta bomba kwa nguvu mpaka boliti iingie, wanakaza, wanaondoka. Hiyo gari baada ya miezi michache utaisikia inatoa tik tik tik, hedasi zimepasuka kwenye weldi. Stenlesi inatanuka sana ikipata moto kuliko chuma cha kawaida, sasa ukiifunga ikiwa tayari imevutwa haina pa kwenda, inapasuka. Mabomba yakutane yenyewe, boliti iingie kwa vidole. Kama hayakutani, kata na kuchomelea, na weka fleksibo ambayo inameza mtikisiko wa injini. Achomelee mtu anayejua: apige vidonda vichache vya weldi mabomba yakiwa yamefungwa kwenye gari ili mkao upatikane, afu bomba litolewe likamaliziwe chini. Betri iwe imetolewa, na ethi ya mashine ishikwe hapohapo karibu na weldi, sio kwenye bampa. Kuunganisha stenlesi na chuma cha kawaida mwambie atumie rodi za 309, za kawaida zinakuwa ngumu na kukatika.

Angalia na urefu kutoka ardhini. Hedasi zinapopita chini ya sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) zisiwe ndo kitu cha chini kuliko vyote, matuta ya mitaani kwetu unayajua, na barabara za vumbi za kwenda mashambani mawe yake hayana huruma.

Joto nalo. Lile bati la kiwandani halitakaa tena, na mbele ya hedasi kuna feni yenye mota na waya. Rudisha feni, afu zungusha macho: waya ya sensa, waya ya feni, hosi ya juu ya rejeta, chochote cha mpira au plastiki kisikae karibu ya vidole viwili vitatu. Kinachokaribia kivalishe soksi ya foili ile ya kuzuia joto na kifungwe kwa waya ya chuma, taiti za plastiki zitayeyuka. Wengi wataniuliza kuhusu zile bandeji za kufunga kwenye hedasi. Mimi kwa gari ya Tanga ya matumizi ya kila siku sishauri. Zinashika unyevu na chumvi, bomba linaoza chini ya bandeji bila wewe kuona, na joto linabanwa kwenye chuma mpaka weldi zinachoka. Kata bati jipya, liweke kati ya hedasi na feni kwa nafasi, hilo linatosha.

Masega sasa. Ndani ya lile kopo kuna kauri ya matundu matundu imepakwa platini, paladi na rodiamu, madini ya thamani, ndo maana wanunuzi hawaishi na ndo maana utashauriwa sana uyatoe. Kazi yake ni kubadilisha sumu ya moshi kabla haijafika kwa mtoto anayesubiri bodaboda nyuma ya gari yako. Masega mazima hayaizuii injini ya cc 1500 kupumua kiasi cha wewe kuhisi. Kama una wasiwasi yameziba usikisie, pima: toa sensa ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake, peleka injini mizunguko 2500. Ikizidi psi 3 kuna kizuizi, tafuta masega mengine. Isipozidi, waambie yanabaki. Na silensa ibaki pia. Hedasi zenyewe ni bati jembamba zinalia zaidi ya manifoldi, ukitoa na silensa utakuwa unaamsha wagonjwa na wazee mtaani usiku, achilia mbali trafiki kukusimamisha, na watu wa mazingira wa serikali nao kelele ni kazi yao.

Kuwasha mara ya kwanza: futa hedasi zote na kitambaa chenye spiriti, kwasababu alama ya kidole yenye grisi itaungua ibaki doa milele. Rudisha betri, piga stata, iache izunguke yenyewe taratibu, yani asikanyage mtu mafuta. Kutakuwa na moshi na harufu ya mafuta yaliyobaki kwa dakika chache na stenlesi itaanza kugeuka rangi ya dhahabu, hiyo ni kawaida. Mwambie binamu yako azibe mdomo wa eksozi nyuma na kitambaa kinene kwa sekunde chache tu (avae glavu), wewe sikiliza mbele. Panapovuja patapiga tss au tik tik. Usiweke mkono kutafuta, tumia kipande cha hosi sikioni ncha nyingine uizungushe kwenye kila maungio. Povu la sabuni nalo linafanya kazi injini ikiwa baridi kabisa, sekunde za mwanzo tu.

Usikubali uvujaji hata mdogo, na sababu zipo mbili. Ya kwanza, ukivuja kabla ya sensa, kati ya mshindo na mshindo hewa ya nje inaingia ndani, sensa inaona oksijeni nyingi inadhani mafuta ni machache, kontrol boksi inaongeza mafuta, na wewe umefunga hedasi gari inakunywa zaidi ya jana. Ya pili ndo ile niliyosema nitairudia. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Tundu la hewa ya kiyoyozi liko chini ya kioo cha mbele, hatua moja kutoka injini. Familia imefunga vioo kwasababu ya vumbi, watoto wamelala nyuma, mama anasema kichwa kinauma, wanadhani ni safari. Kichwa kikiuma ndani ya gari na nje kinapona, simama, fungua milango yote, hiyo gari isitembee mpaka itengenezwe.

Ikiwa haivuji popote, zima, acha ipoe kabisa mpaka baridi, kaza tena kwa mpangilio uleule. Utashangaa kila nati inapokea kidogo, gasketi imekaa. Afu nenda Muheza urudi, mwendo wa kawaida, kesho yake kaza tena. Baada ya kama kilomita 500 angalia mara ya mwisho.

Taa ya cheki injini ikiwaka na gari yako ina kile kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, funguo kwenye ON bila kuwasha, uhesabu taa inavyopepesa. Mbili halafu moja, yani 21, ni sensa yenyewe au waya wake, huenda soketi haikuingia vizuri. 25 ni kwamba anaona mafuta machache, rudi utafute uvujaji. 26 mafuta mengi. Usikimbilie kununua sensa mpya kabla hujasikiliza na hosi.

Manifoldi ya zamani na bati lake ipake oili, ifunge kwenye mfuko uiweke ndani, siku ukiuza gari mnunuzi anaweza kuitaka, au hedasi zikileta shida unarudi ulikotoka bila kuzunguka kwenye spea za mtumba. Na stadi, nunua seti nzima mpya pamoja na nati zake kabla ya siku ya kazi, usisubiri ikatike Jumapili duka limefungwa. Spana ya 22 ya mpasuo ukiikosa nijulishe kabla ya Ijumaa, ninayo, uje uichukue na toki renchi utaondoka nayo hapohapo.